Kuunda Kompyuta Uzeeni

Nilifundisha katika shule za msingi kwa muda wa miaka 38, na katika muda huo wote nilikuwa mtu wa kuuliza maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo mfukoni. Hiyo ndiyo desturi ya ualimu. Mwalimu huuliza mji mkuu wa Ufaransa si kwa kuwa ameusahau, bali kwa kuwa ataka kujua kama mtoto ameukumbuka. Mtu akidumu katika desturi hii hupotewa na ladha ya swali la kweli, yaani swali la mtu asiyejua. Mimi niliionja tena ladha hiyo mwaka 2024, baada ya kustaafu, nikiwa na umri wa miaka 61, katika kibanda cha fundi karibu na kituo cha mabasi cha Msamvu mjini Morogoro. Hapo nilijifunza kuunda kompyuta ya mezani kwa mikono yangu. Aliyenifundisha alikuwa mtu ambaye zamani nilimchapa viboko mbele ya wenzake, na kosa lake lilikuwa kufungua chombo.

Elimu hiyo sikuitafuta. Ilinijia kwa njia ya msiba, na hapana budi nianze na msiba huo.

Mama yangu alizaliwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mahali pa baridi ambapo watu hulima kabichi, njegere na viazi katika miteremko mikali ambayo mgeni huogopa hata kusimama. Alijua msitu kama karani ajuavyo leja yake. Wataalamu hutuambia kuwa milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na kuwa ina mimea na ndege wasiopatikana pahali pengine duniani. Mama hakupata kulisikia Tao la Mashariki, lakini mti uliokuwa mbele yake aliujua kwa jina, kwa dawa yake, kwa moto wake, na kwa tabia ya mbao zake. Kati ya mwaka 2015 na 2018 nilikaa naye mara nyingi jikoni, nikamwomba anitajie mimea kwa Kiluguru, nami nikayanasa maneno yake kwa simu. Nilipata vipande 41 vya sauti. Nilivihamishia katika kompyuta niliyokuwa nimeinunua mjini, nikaanza kuandika orodha ya majina na maana zake. Mama alifariki dunia mwaka 2019. Niliendelea na orodha polepole, kama mtu anywaye chai asiyotaka iishe.

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2024 radi ilipiga karibu na nyumba yetu. Waya wa kompyuta ulikuwa ukutani, kwa uzembe wangu. Asubuhi nilibonyeza swichi mara nyingi kuliko heshima yangu inavyoniruhusu kuandika hapa. Mashine haikujibu. Nakala ya pili ya zile sauti sikuwa nayo; simu iliyozinasa ilikuwa imekwisha potea zamani. Mwalimu aliyewaambia watoto maelfu wasiandike kazi yao katika karatasi moja alikuwa ameweka mama yake katika karatasi moja.

Nilifunga kompyuta katika kitenge cha mke wangu nikaenda Msamvu. Fundi niliyeelekezwa alikuwa mtu wa miaka kama 37, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliponiona aliinuka.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hujambo, kijana?”

“Sijambo. Naona hunikumbuki, Mwalimu.”

Kweli sikumkumbuka. Alinitajia shule moja ya milimani nilikofundisha zamani, akanitajia mwaka 1998, kisha akanyamaza kwa adabu, akaniacha nitafute mwenyewe. Nilipata. Mwaka huo nilikuwa na redio ndogo ya betri ambayo ndiyo iliyokuwa ikituletea habari za dunia kule juu. Siku moja nilimtuma mtoto wa darasa la tano akaniletee chaki ofisini. Alikawia. Nilipomfuata nilimkuta ameketi sakafuni, na redio yangu imefunguka mbele yake kama samaki aliyepasuliwa. Nilimtoa mbele ya darasa nikampa viboko 4. Miaka miwili baadaye alifanya mtihani wa darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea.

“Wewe ndiye wa redio,” nikasema.

“Ndimi, Mwalimu. Haya, tuone mzigo.”

Alifungua kompyuta kwa dakika moja, akainamisha pua yake ndani akanusa. Sikujua kuwa kunusa ni sehemu ya elimu. Alisema sanduku la umeme, ambalo mafundi huliita pawasaplai, limeungua, na limekufa pamoja na ule ubao mkuu unaobeba viungo vyote. Kisha alichomoa diski, akaiunga katika mashine yake kwa muda mfupi huku akiisikiliza. Ilitoa mlio wa kugonga kama kijiti juu ya kopo. Aliizima upesi.

“Hii haijafa, lakini inaumwa,” alisema. “Kila ukiiamsha unaipunguzia siku. Tusiiamshe tena mpaka pawepo mashine nzima na diski nzima ya kuihamishia, na muda wa usiku kucha. Hii yangu ina kazi za watu, na haina nafasi.”

Nilimwuliza bei ya kuniundia mashine mpya. Alinitajia bei ya vipande, halafu akasema jambo lililonichoma. Alisema kuunda nitaunda mwenyewe, hapo kibandani, yeye akitazama. “Nikikuundia mimi, Mwalimu, ikifa tena utarudi na kitenge.”

Sijui hata leo kama alisema hivyo kwa ukarimu au kwa kisasi. Yamkini yalikuwamo yote mawili. Nilikopa shilingi 600,000 katika chama cha akiba cha walimu wastaafu, nikakubali.

Hapa yafaa niseme kwa nini mtu wa Morogoro aweza kununua ubao kwa mtu mmoja, kasha kwa mwingine na diski kwa wa tatu, na vyote vikakubaliana. Kwa wengi wetu kompyuta ni kitu kilichoshuka kimefungwa. Historia yetu ilituzoeza hivyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 11. Mwaka uliofuata, 1975, huko Marekani ilianza kuuzwa kompyuta iitwayo Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuipokea kwa posta ikiwa vipande ndani ya boksi, akaiunga mwenyewe mezani pake. Basi katika miezi ile ile ambayo sisi tuliufunga mlango, watu wengine walikuwa wanakaa sakafuni na chombo kimefunguliwa mbele yao. Siwalaumu waliopiga marufuku. Walikuwa wameona fedha ya umma ikipotea ndani ya sanduku lisilosomeka. Lakini nimepata kufikiri kuwa hofu yao na hofu yangu ya mwaka 1998 zilikuwa za ukoo mmoja.

Baadaye, mwaka 1981, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ambayo wengine waliweza kuitengenezea viungo, na mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho kimepanga hata mahali pa matundu ya skrubu. Hilo ni agano baina ya watu wasiojuana. Mtu wa Taiwan hutoboa tundu, na mtu wa pahali pengine hutengeneza kasha, na skrubu ya Kariakoo huingia.

Habari ya majina ilinisumbua, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili. Wasomi wametupa tarakilishi, na wengine ngamizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na mimi niliziona nikafurahi. Lakini katika kibanda cha Msamvu hakuna aliyesema tarakilishi. Walisema mashine. Kioo kilikuwa kioo, ubongo ulikuwa prosesa, kumbukumbu ilikuwa ramu, na ule ubao mkuu uliitwa mazabodi, ambalo ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu, na maana yake ni ubao mama. Nilipoijua maana hiyo nilicheka peke yangu. Sisi Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kila kiungo cha mashine hii huingia kwa mama, vingi hupata chakula kwa mama, na viungo viwili vikitaka kusemezana hupita kwa mama. Fundi naye ni wa milimani, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumweleza kwa nini nacheka.

Nilikwenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme, ambayo ilikuwa imeanza kuchukua abiria kati ya miji hii miwili mwezi wa Juni mwaka huo. Ni safari isiyotimia saa mbili, na mzee aliyezoea mabasi hufika kabla hajamaliza kusinzia. Fundi alikuwa ameniandikia karatasi ya vitu vya kununua Kariakoo. Mazabodi na prosesa vilikuwa vya mtumba, vilivyotolewa katika mashine za ofisi za ng'ambo. Nilifanya kosa moja. Mchuuzi mmoja alinionyesha ramu ya bei nafuu kuliko iliyoandikwa, nami nikaona nimekuwa mjanja. Niliporudi fundi aliishika kando ya mazabodi, asiseme neno. Ramu ina pengo dogo katika ukingo wake, na mfereji wake una kizuizi cha kukaa ndani ya pengo hilo. Yangu ilikuwa ya kizazi cha tatu, yenye miguso 240. Ubao ulitaka kizazi cha nne, chenye miguso 288, na pengo lake liko pahali pengine kwa makusudi, ili mtu kama mimi asiweze kuilazimisha. Nilipanda treni tena.

Siku ya kuunda ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti. Jua lilikuwa kali, vumbi la mabasi lilikuwa jingi, na juu ya paa za mabati Lupanga ulionekana wazi bila wingu hata moja. Fundi alisafisha meza, akatandika boksi lililokunjuliwa, akanipa bisibisi. Yeye aliketi juu ya kreti ya soda, akaiweka mikono yake kwapani. Aliniamuru kwanza niguse chuma cha kasha, kwa sababu mwili hubeba umeme mdogo usiosikika ambao waweza kuua kiungo bila mtu kuona cheche. Niligusa. Nilihisi kama nimetakiwa kutawadha.

Prosesa ni kibamba kidogo, hakizidi mhuri wa ofisi. Soketi yake katika ubao ule ina vijisindano 1,151, vyembamba kama unywele, na kimoja kikipinda ubao umekwenda. Nilikishika kibamba pembeni kwa vidole viwili. Mkono wangu ulitetemeka. Miaka 38 mkono huo uliandika ubaoni mwandiko ambao wakaguzi waliusifu, na sasa haukuweza kutua kipande cha ukubwa wa stempu.

“Mwalimu, toa mkono,” alisema fundi. “Pumua. Hakisukumwi. Kinaachwa kiende chenyewe.”

Nilitoa mkono, nikapumua, nikarudi. Pembe moja ina alama ya pembetatu, na soketi nayo ina alama yake. Ukizilinganisha kibamba hujikalia chenyewe, pasipo nguvu. Lakini kulishusha lile wenzo la kukifunga kwataka nguvu, tena chuma hulia kana kwamba kitu kinavunjika, na hapo ndipo wanafunzi wengi huacha. Nilitazama uso wa fundi. Hakuonyesha dalili yoyote. Nilishusha nikifumba macho.

Juu ya prosesa nilitia dawa ya joto, nyeupe kama dawa ya meno, kiasi cha punje ya mchele. Kazi yake ni kujaza vishimo visivyoonekana baina ya prosesa na chuma kinachoipoza, kwa kuwa hewa iliyonaswa mle huzuia joto kutoka. Nikafunga feni. Nikatia ramu mpaka masikio ya mfereji yakalia mara mbili. Nikaunga kebo kubwa yenye matundu 24 inayotoka katika pawasaplai, na kebo ndogo ya prosesa ambayo watu huisahau. Umeme wa ukutani ni volti 230; ndani ya sanduku lile hushushwa ukawa volti 12, na 5, na 3 na ushei, kila kiungo kikapewa anachoweza kukivumilia. Nilimaliza saa tisa alasiri. Skrubu zote zilikaa. Nilikuwa na jasho, na sikumbuki kazi iliyonifurahisha hivyo tangu siku niliyopata cheti.

Nikabonyeza swichi. Feni iligeuka nusu mzunguko, ikasimama.

Nilibonyeza tena. Nusu mzunguko, kimya. Nilimtazama fundi, naye alikuwa akiwatazama wapita njia.

“Ina nini?” nikauliza. Hilo lilikuwa swali la kweli.

“Sijui, Mwalimu. Wewe ndiye uliyeiunda.”

Nilijua kuwa anajua, au anakisia. Uso wa mtu aliye na jibu mfukoni naujua vizuri, nimeuvaa maisha yangu yote. Sikuwa nimepata kuutazama kutoka upande wa pili wa meza. Hasira ilinipanda, kisha ikafuatwa na jambo baya kuliko hasira, yaani kukata tamaa kwa mtoto anayeona kuwa kila mtu chumbani anaona jibu isipokuwa yeye. Nilichomoa ramu nikairudisha. Nilichomoa kebo ndogo nikairudisha. Nikabonyeza. Nusu mzunguko. Nilipokuwa nikifikiri la kufanya, umeme ukakatika mtaani kote. Mashine za saluni ya jirani zikanyamaza, na muziki wa duka la mbele ukafa katikati ya neno.

Tuliketi kungojea. Kibanda kilikuwa na giza la mabati. Mtu huweza kusema gizani jambo ambalo mchana ulimfunga mdomo, nami nikamwuliza kama bado anaikumbuka siku ile.

“Nakumbuka,” alisema. “Redio ilikuwa imekufa tangu Jumatano, Mwalimu. Ulisema darasani kuwa tutakosa habari. Mimi niliifungua Ijumaa. Waya mwekundu unaotoka kwenye betri ulikuwa umekatika pale unapopinda. Nilikwisha uona. Nilikuwa nautafuna ili nitoe mpira, niuunge.”

Sikujibu upesi. Msomaji, ningeweza kuandika hapa kuwa nilidhani yeye ndiye aliyeiharibu redio. Sivyo. Nilijua kuwa ilikuwa imekufa siku mbili kabla. Nilijua wakati ninaukata ule mchapo. Nilimchapa kwa sababu alithubutu kufungua kitu ambacho mimi, mwenye cheti, niliogopa kukifungua, na kwa sababu alipoinua macho kunitazama hakuwa na hofu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeona kitu, na alikuwa anataka kunionyesha.

“Niliifungasha katika mfuko vile vile ilivyokuwa,” nikasema. “Sikuitengeneza.”

“Najua. Ningesikia imesema.”

Nilimwomba radhi. Nilitumia maneno ya kawaida, maana hayapo mengine. Alisema, “Yamepita, Mwalimu,” kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wateja kuwa chaji yao itakuwa tayari kesho. Sikujua nilichokuwa nikitarajia. Huenda nilitaka alie, au anikaripie, ili nami nipate nafasi yangu. Aliinuka akanunua karanga kwa mtoto aliyekuwa akipita, akanigawia nusu.

Umeme ulirudi saa kumi na moja. Nilipokuwa nikitafuna nilikuwa nimekumbuka jinsi nilivyowafundisha watoto hesabu ndefu: ukipotea, rudi mpaka mahali ambapo bado ulikuwa na hakika, usonge tena hatua moja moja. Basi nilichomoa kebo, nikafungua skrubu zote, nikautoa ubao katika kasha na kuulaza juu ya lile boksi ukiwa na prosesa, feni na ramu tu. Lakini swichi ilibaki katika kasha. Fundi, kwa mara ya kwanza, alinyosha kidole, akanionyesha vipini viwili katika ukingo wa ubao. Nilivigusisha kwa ncha ya bisibisi.

Feni iligeuka, ikaendelea kugeuka.

Kwa hiyo ubao ulikuwa mzima, na ugonjwa ulikuwa katika kasha. Niliinamia kasha tupu kwa tochi. Katika bamba la kasha husimama vijiguu vya shaba ambavyo ubao hukalia, ili mgongo wake usiguse chuma. Kasha langu lilitobolewa kwa ajili ya mbao za ukubwa mbalimbali. Ubao wangu ulikuwa mdogo, wenye matundu 6. Mimi nilikuwa nimesimamisha vijiguu 7. Niliona tundu tupu katika bamba, na kijiguu kimoja kimebaki mfukoni, na nikatia. Wanafunzi wangu wote watakumbuka kuwa niliwakataza kuacha nafasi tupu katika karatasi ya mtihani. Kijiguu hicho cha saba kilikuwa kinagusa mgongo wa ubao pasipo tundu, kinaunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana, na pawasaplai, kwa hekima yake, ilikuwa inajizima kila mara kabla haijaungua.

Nilikifungua, nikamwonyesha.

“Ndicho,” alisema. Akaongeza, “Fundi.”

Nadhani alitania. Sikumwuliza.

Usiku huo hatukulala. Tuliunga diski mpya, tukatia Linux, kisha tukaiunga ile mgonjwa. Fundi aliazima kwa jirani betri ya kushikilia umeme, maana kukatika kwa umeme katikati ya kazi kungetuua. Aliendesha programu isiyong'ang'ania mahali palipoharibika. Huruka, huchukua kwanza vyote vinavyokubali kusomeka, halafu hurudi kuomba tena palipokataa, mara ya pili, mara ya tatu. Nilikaa nikisikiliza ule mlio wa kijiti na kopo. Ulipokuwa ukikawia nilikuwa sipumui. Karibu na saa kumi alfajiri diski ilitoa mlio mrefu, ikanyamaza, na haikuamka tena.

Orodha ya majina ilitoka nzima. Katika vipande 41 vya sauti, 38 vilifunguka. Nilifungua cha kwanza. Kwanza ilisikika sufuria ikiwekwa juu ya jiwe, kisha mama akikohoa, kisha akisema kwa Kiluguru kuwa nisogee, moshi unanifuata. Fundi aliondoka nje akaenda kuangalia mabasi ya alfajiri, nami nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Vipande vitatu havina sauti. Najua kutokana na orodha kuwa katika kimoja mama alieleza miti ambayo haikatwi, na sababu zake. Majina ninayo. Sababu ziliruka.

Malipo yake alichukua kamili, hakunipunguzia hata shilingi mia. Nilifurahi, kwa kuwa punguzo lingekuwa namna ya kuniambia jambo. Siku hizi nina nakala tatu za sauti, na moja iko kwake. Alinitajia maneno mawili katika orodha ambayo nilikuwa nimeyasikia vibaya. Bibi yake aliyatamka vingine. Nimeyasahihisha.

Mwezi wa Oktoba nilipanda Mgeta kwa shughuli ya ukoo. Darini kwa dada yangu, chini ya magunia ya njegere, niliupata ule mfuko. Redio ilikuwa mle, bado imefunguka, na skrubu zake 4 ndani ya bahasha ya chaki. Niliibeba mpaka Msamvu nikaiweka mezani. Fundi aliitazama kwa muda. Waya mwekundu ulikuwa umekatika pale unapopinda, na katika ncha yake palikuwa na alama za meno.

Aliuunga kwa risasi, akatia betri mpya, akazungusha kitufe. Haikusema kitu. Alitega sikio, akanusa, akaigeuza.

“Sasa ni kapasita,” alisema. “Miaka mingi, zimekauka.”

Akanisogezea bisibisi.